Ndevu za Kwihara

Kwihara iko kilomita chache kutoka Tabora mjini, na mgeni akija kwetu ujue amefuata nyumba moja: tembe alilokaa David Livingstone mwaka 1872. Henry Morton Stanley alikuja naye kutoka Ujiji mwezi Februari. Machi Stanley akashika njia ya pwani, na mzee akabaki hapa akisubiri wapagazi na mizigo mpaka Agosti. Tembe lenyewe limejengwa upya, na ndiyo makumbusho yetu. Sisi tuliosoma shule za jirani tulimjua Livingstone kwa kofia yake na masharubu yake. Kwa hiyo nimekulia mahali ambapo umaarufu wote umetundikwa kwenye sura ya mwanaume mwenye masharubu, huku za kwangu nikizinyoa saa kumi na moja alfajiri, mlango umefungwa kwa komeo, kwa mwanga wa tochi ya simu.

Kiswahili kina neno la upole kwa vinywele laini vya mwilini: malaika. Kila mtu ana malaika wake mikononi, shingoni, hata juu ya mdomo. Za kwangu hazikuwa malaika. Zilikuwa ndevu, nene, nyeusi, za kujikunja. Zilianzia chini ya sikio, zikapita kwenye taya na kukusanyika kidevuni kama watu waliowahi mnadani. Zilianza nikiwa kidato cha pili. Binamu yangu, aliyeziona wa kwanza, alinifariji kwamba mwanamke mwenye ndevu huwa tajiri. Nadhani nawe umewahi kuisikia imani hiyo. Sasa nina miaka ishirini na tisa, nafundisha sekondari, na utajiri bado uko njiani.

Nilijaribu kila kitu. Wembe kwanza, kisha kibanio, kisha uzi wa saluni, kisha nta ya sukari na ndimu. Bibi yangu, ambaye hana aibu na mambo ya mwili, alinionyesha majivu. Unachota majivu ya kuni yaliyopoa, unajipaka, ncha za vidole zinapata mshiko, unang'oa. Ndivyo walivyonyonyoa makwapa enzi zao, na kwenye kwapa majivu hayana mpinzani. Kidevuni kwangu yalileta balaa lilelile la uzi na nta. Udevu wa kujikunja unaporudi hupinda na kuichoma ngozi kutoka ndani. Kinatoka kipele, kipele kinaacha doa jeusi, doa linakaa miezi. Wanaume wengi wenye ndevu kama zetu wanavijua vipele hivyo shingoni. Tofauti ni kwamba mwanaume anaweza kuamua kufuga.

Miaka mitatu iliyopita nililazwa siku nne kwa malaria katika hospitali moja. Nilifikishwa usiku, bila mkoba, bila wembe. Siku ya pili nilivuta kanga hadi puani nikasema nasikia baridi, jambo ambalo kwa mgonjwa wa malaria halina ubishi. Siku ya tatu homa ikashuka, joto la wodi likapanda, na ile kanga ikawa adhabu. Nikaishusha. Mama wa kitanda cha pili alinitazama, akageukia ukutani kwa adabu. Baadaye akaja muuguzi wa zamu kubadilisha dripu. Aliniangalia kidevu, si kwa muda mrefu. Nilijiandaa kwa swali nililolizoea. Akainama akauliza kwa sauti ya chini, "Dada, siku zako zinakuja kila mwezi?"

Hazikuja kila mwezi. Zilikuja mara nne kwa mwaka, ukiwa mwaka mzuri. Zaidi ya miaka kumi ya ndevu, dawa za chunusi, ushauri wa mashangazi na maombi ya watu wema, na hakuna aliyewahi kuyaweka mambo hayo mawili katika sentensi moja mbele yangu.

Baada ya vipimo vya damu na ultrasaundi, daktari wa wanawake alinipa jina la hali yangu, ile ambayo wengi huiita kwa herufi zake nne, PCOS. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba inawapata asilimia 10 hadi 13 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa, na kwamba hadi asilimia 70 yao hawajui kuwa wanayo. Mwili unazalisha androjeni kupita kiasi, homoni ambazo kila mwanamke anazo kidogo, na androjeni ndizo zinazogeuza malaika kuwa ndevu. Dawa alizoniandikia zingepunguza kasi ya ndevu mpya. Zilizokwisha kugeuka, alisema, hazirudi kirahisi kuwa malaika; kwa hizo kuna leza. Akaongeza kitu kilichonifanya nimpende: kwamba si lazima. Ndevu zenyewe hazina madhara. Yeye alikuwa na kazi ya kunitibu homoni, uso ulikuwa uamuzi wangu.

Niliamua kwa ajili ya ile saa kumi na moja alfajiri. Nilikuwa nimechoka kuamka kabla ya watu kila nilipolala ugenini, kukataa safari za wanafunzi kwa sababu walimu tungelala chumba kimoja, kuongea na mtu huku mkono umekaa kidevuni kama mwanafalsafa. Sikuwa na mchumba wa kumwogopa. Nasema hivyo kwa sababu watu wakisikia habari hii huuliza kwanza kama kulikuwa na harusi.

Kabla ya kutafuta kliniki nilimpigia rafiki niliyesoma naye chuo, ambaye aliwahi kufanyiwa "leza" ya miguu katika saluni moja ya Dar es Salaam kwa bei ya ofa. Alinitumia picha. Kuanzia goti hadi kifundo, mistatili iliyopauka imepangana kama ngazi, kila mmoja na umbo la kioo cha ile mashine. Kumbe haikuwa leza hata kidogo, ilikuwa taa kali inayotoa mwanga wa mawimbi mengi kwa mpigo mmoja, na aliyeishika hakumuuliza swali lolote kuhusu ngozi yake. Ikabidi nisome.

Nilichoelewa ni hiki. Mwanga wa leza ni wa rangi moja, yaani una urefu mmoja wa wimbi. Ukikutana na kitu kinachoufyonza, unageuka joto. Kwenye nywele, kinachofyonza ni melanini, rangi ileile inayotupa weusi wetu. Joto linafuata unywele hadi ndani ya kinyweleo, kile kishimo unamomea. Likiwa kali vya kutosha, kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, linaziunguza chembe zinazootesha kabla halijasambaa kwa majirani. Wazo hilo, la kuchagua kitu cha kuunguza kwa kuchagua rangi ya mwanga na muda wa mpigo, liliandikwa mwaka 1983 na R. Rox Anderson na John Parrish wa Boston. Leza ya kwanza duniani ilikuwa imewashwa na Theodore Maiman mwaka 1960, kwa fuwele ya rubi, na miaka ya 1990 rubi ikawa miongoni mwa leza za mwanzo kutumika kuondoa nywele, kwa wimbi la nanomita 694.

Tatizo ataliona yeyote anayejitazama kwenye kioo Tabora. Mashine inatafuta weusi. Kwa mtu mwenye ngozi nyeupe na nywele nyeusi, weusi uko mahali pamoja. Kwangu uko kwenye udevu na uko kwenye ngozi, na ngozi ndiyo iliyotangulia mbele. Mwanga wa rubi ungeishia hapohapo juu na kuniachia malengelenge. Madaktari wa ngozi wana kipimo alichokibuni Thomas Fitzpatrick wa Harvard mwaka 1975, kinachopanga ngozi za watu kwa jinsi zinavyoungua au kukolea rangi juani. Kilipoanza kilikuwa na madaraja manne, na kilitungwa kwa kuwafikiria watu weupe. La tano na la sita, yaani sisi, tuliongezwa baadaye. Ukishajua hilo, ile picha ya miguu ya rafiki yangu inasomeka vizuri zaidi.

Njia ya kutokea ilipatikana kwenye urefu wa wimbi. Katika mwanga huu, wimbi likirefuka melanini hulifyonza kidogo zaidi, na mwanga huzama chini zaidi. Leza ya aleksandriti ina nanomita 755, ya dayodi kama 810, na ile inayoitwa Nd:YAG nanomita 1064. Hii ya mwisho hupenya ngozi nyeusi bila kuisumbua sana, ikakutana na udevu huko chini, na kwa daraja la tano na la sita ndiyo salama kuliko zote. Lakini kwa kuwa melanini inaifyonza kidogo, inahitaji nguvu zaidi, inauma zaidi, na vinywele vyembamba vinaiponyoka. Kwa hiyo ukipiga simu kliniki, acha bei kwanza. Uliza mashine yao ni ya nanomita ngapi, na nani ataishika. Mahali pa kwanza nilipopiga waliniambia ni "ya kisasa". Nikakata simu.

Kliniki niliyoichagua ipo Dar es Salaam, na hapo ndipo ndevu zangu zilipoingia kwenye njia ya misafara. Mwaka 1871 Stanley na watu wake walitumia karibu miezi mitatu kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe. Mimi nilipanda basi alfajiri hadi Dodoma, kisha treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, na usiku nilikuwa nakula chipsi kwa mama mdogo. Sikubeba pembe wala vitambaa. Nilibeba laki moja na nusu ya awamu moja, na hofu.

Siku ya kwanza hawakuninyoa wala kunipiga leza. Walinihoji. Kama nina mimba. Kama natumia dawa kali za chunusi. Kama ngozi yangu ikikatwa huota kovu la kuvimba. Kama ninapaka mkorogo, na daktari aliuliza hilo mara mbili, kwa maneno tofauti, kwa sababu watu hudanganya hapo: ngozi iliyochubuliwa kwa krimu za kujing'arisha imeshajeruhiwa, na haitabiriki ikipata joto. Kisha wakapiga mipigo mitatu tu chini ya taya, wakaniambia nirudi baada ya siku mbili waone ngozi imejibu nini. Kama kliniki iko tayari kuanza uso mzima dakika ileile uliyoingia, tafuta kiti cha kutokea.

Kung'oa nilikatazwa wiki nne kabla. Leza inahitaji udevu uwe umo ndani ya kishimo chake ili joto lipate pa kupita; ukiung'oa, mwanga hauna cha kupiga. Kunyoa kunaruhusiwa, tena ni lazima, kwa sababu unywele uliobaki juu utaungua juu ya ngozi na kuiunguza. Yaani baada ya miaka yote ile ya kuuficha wembe, daktari alinielekeza niutumie.

Awamu yenyewe ni dakika kumi na tano. Unavishwa miwani mizito isiyopitisha mwanga ule, kwa kuwa macho nayo yana melanini na hayana namna ya kujitetea. Kichwa cha mashine kinapuliza baridi kali, halafu mpigo. Wengi hulinganisha maumivu na rababendi iliyovutwa ikakuchapa. Ni kweli kwenye shavu. Kidevuni, ndevu zilipojaa, ilikuwa rababendi iliyotoka kwenye mafuta ya maandazi. Nilihesabu mipigo hadi sitini nikaacha. Harufu ndiyo sikuitegemea. Ukishawahi kukaa karibu na mtu anayebabua kichwa cha mbuzi, unaijua. Nilianza kucheka, na mtaalamu akasimama kunisubiri. Inaelekea amezoea.

Baada ya hapo uso ulivimba kidogo, kila kinyweleo kimesimama kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Barafu, hakuna jua, hakuna maji ya moto, na mafuta ya kukinga jua kila siku hata mawingu yakitanda. Kwa mwalimu anayesimamia mstarini asubuhi, Tabora, hilo la jua ni mzaha, lakini nilivaa kofia pana na wanafunzi wakapata jina jipya la kuniita. Kesho yake saa sita madoa yalikuwa yametulia. Wiki ya pili ndevu zilionekana zinaota kwa kasi, nikaingiwa na baridi tumboni. Kumbe hazikuwa zinaota. Zilikuwa zimekufa na ngozi inazisukuma nje. Nilipitisha taulo, zikabaki kwenye taulo.

Kwa wiki mbili zilizofuata nilikuwa na kidevu cha mtoto. Kisha zikarudi, na hapa ndipo wengi hukata tamaa na kusema wameibiwa.

Unyanyembe yetu ilikuwa kituo. Msafara ukifika kutoka pwani ulivunjika hapa. Wengine walilipwa wakarudi makwao, wengine walipumzika, wengine walifungasha kwenda Ujiji au kaskazini Karagwe. Ungekuja siku yoyote kuwahesabu wapagazi, ungewaona waliosimama na mizigo, na usingewaona waliolala ndani. Vinyweleo navyo haviko safarini vyote siku moja. Kila kimoja kina kipindi cha kuotesha, kipindi cha kunyauka na kipindi cha kupumzika, kwa kalenda yake. Leza inawapata walio njiani tu. Waliolala wanaamka mwezi ujao, wamepumzika vizuri. Ndiyo maana usoni unarudi kila baada ya wiki nne hadi sita, mara sita, mara nane, na kwa mwenye homoni kama zangu hata zaidi. Mamlaka ya dawa ya Marekani inaziruhusu mashine hizi kutangazwa kwa maneno "kupunguza kwa kudumu". Hairuhusu kusema zinamaliza. Pia kuna watu, hasa usoni na shingoni, ambao mwanga huo huamsha malaika wakageuka nywele nene, na daktari wangu alinionya hivyo kabla hajapokea hela. Alikataa kugusa mashavu yangu, palipokuwa na malaika tu.

Nimefanya awamu nane. Kati ya nne na tano niliishiwa hela nikakaa miezi mitatu, na zikatumia nafasi hiyo. Sasa taya liko wazi. Kidevuni zimebaki chache na zimekuwa nyembamba, na kwa kuwa zimekuwa nyembamba leza haizipati vizuri, kwa hiyo nazinyoa mara moja kwa wiki, Jumapili, saa yoyote. Madoa ya vipele yanafifia polepole kuliko ndevu zenyewe. Dawa za homoni naendelea nazo, kwa sababu leza haina habari na homoni, na homoni hazijasikia kwamba nimelipa.

Krismasi nilikaa na bibi. Alinivuta karibu na dirisha, akapitisha kidole gumba kidevuni kwangu kutoka upande mmoja hadi mwingine, taratibu, kama anayekagua mtama.

"Zimeenda wapi?"

Nikamweleza. Alisikiliza yote, wimbi, joto, wapagazi waliolala. Kisha akainua kidevu chake. Bibi ana ndevu sita au saba, ndefu, nyeupe pe, ambazo sijawahi kumwona akizificha.

"Na mimi nipeleke."

Nikamwambia zake leza haizioni. Mwanga unafuata rangi, na mvi haina rangi, unapita tu.

"Haizioni?" akashangaa. "Mbona wewe unaziona?"

Nikamweleza kwamba kwa ndevu nyeupe kuna sindano: daktari anaingiza sindano nyembamba kwenye kila kishimo, anapitisha umeme, unywele mmoja baada ya mwingine, na yenyewe haijali rangi. Akauliza ni shilingi ngapi. Nikamtajia ninachokadiria pamoja na nauli. Akanyamaza akipiga hesabu, midomo ikicheza, na nadhani hesabu ile ilipitia kwenye mabati, kwa maana alitazama dari.

"Basi ziache," akasema. "Zimenizoea."

Kisha akauliza yale mafuta ya jua niliyokuja nayo yanauzwa wapi. Alikuwa amejipaka mikononi tangu juzi, bila kuniambia, na yanamlainisha kuliko mafuta ya nazi. Chupa imebaki robo. Nikienda Dar mwezi wa tatu kwa awamu ya tisa, nimletee mbili.